Kalia Mikono Kwanza

Ninyi mnaotengeneza simu pale Nyakasanza, mlioniomba nije kuwaeleza namna ya kutunza mikono, naanza kwa kuwatania kidogo. Juzi nilipita kwenye meza zenu nikaona mmoja anafungua simu ya mama fulani huku anaongea na simu yake mwenyewe, ameibana kati ya bega na shavu, bisibisi mdomoni. Nikasema moyoni, hapa kitu kitavunjika. Kikavunjika. Na fundi akamwambia yule mama kwamba simu ilikuwa mbovu tangu zamani. Huo nao ni ufundi, na sisi mafundi saa tuliujua kabla yenu.

Mimi nimetengeneza saa hapa Bunia kwa miaka mingi kuliko umri wa mkubwa wenu. Saa za mkononi, za mezani, za ukutani, mpaka ile ya parokia iliyokuwa ikipiga mara kumi na tatu kila mchana na hakuna aliyelalamika. Watu waliniita Papa Saa, na wengine hadi leo hawajui jina langu jingine. Sasa macho yamechoka, saa zenyewe zimehamia ndani ya simu zenu, nami nimefunga kibanda. Lakini nilichojifunza kuhusu mkono wa binadamu hakijazeeka, na nusu yake sikuipata kwenye saa. Niliipata kwenye eshek, mchezo ambao vitabu vinauita sataranji, tukicheza barazani kwangu wakati wa vita.

Aliyenifundisha vyote viwili ni Muzee Ramazani. Alikuwa Mwislamu wa kutoka Mongbwalu, na ujana wake wote alitunza saa za mgodi wa dhahabu, zile zilizoamua watu washuke lini na wapande lini. Mhandisi mmoja mgeni alimfundisha eshek kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Siku ya kwanza nilipoenda kwake kujifunza saa, hakunipa kibano wala bisibisi. Aliweka ubao wa eshek mbele yangu.

"Kaa," akasema. "Kalia mukono yako yote mbili."

Nikadhani ni adhabu. Nikakalia. Akapanga vipande akaniuliza ningesogeza kipi. Nikamwonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa chini ya makalio.

"Sasa angalia tena," akasema. Nikaangalia tena, nikaona kwamba kile nilichokichagua kingeniua. "Unaona? Jicho ilikuwa haiyamaliza, mukono ilikuwa nataka tayari. Kama mukono inataka mbele ya jicho, saa inakufa."

Miezi mitatu nilikalia mikono. Mke wangu akawa anauliza kazi hii ya kukaa italisha nani.

Kosa langu kubwa la kwanza nalikumbuka vizuri. Mkurugenzi wa shule moja alileta saa ya marehemu baba yake, saa nzuri ya kutia funguo. Akakataa kuondoka. Akasimama juu ya kichwa changu, anapumua, anaangalia kila kitu. Nikataka aone kwamba najua. Nilipolishika gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku ndani ya saa, ekseli yake ikakatika kama mwiba wa samaki. Muzee Ramazani hakunigombeza. Alinipa ile saa mkononi niipeleke kwa mwenyewe na niseme, "Ni mimi." Niliporudi akaniuliza niliogopa nini.

"Alikuwa ananiangalia," nikamjibu.

"Basi ulikuwa natengeneza macho yake," akasema. "Saa haukuitengeneza."

Nimeishi na neno hilo. Mkikumbuka hilo moja tu kati ya yote ninayowaambia leo, sitalalamika.

Muzee Ramazani alifariki kabla ya vita, Mungu amrehemu, akaniachia zana zake na ubao wake wa eshek. Vita vilipokuja, mji ulibadilisha wenyewe mara nyingi mpaka tukaacha kuuliza leo ni wa nani. Kibanda changu kiliporwa mara mbili. Mara ya kwanza walichukua saa. Mara ya pili, kwa kukosa saa, walichukua vipande vya eshek, labda kwa kuwasha moto. Tukajaza mapengo kwa vizibo vya chupa, na kila mtu akajua kizibo chekundu ni farasi mweusi na cheupe ni askari mweusi. Mfalme mweusi naye alikuwa amepotea, na mahali pake tuliweka buji, ile ya kuwasha injini, iliyochoka. Buji hiyo tulipewa na Batista, dereva wa kamio, lori la mizigo, aliyekuwa akienda Komanda na kurudi na ndizi na mafuta ya mawese. Alisema imewahi kumtoa kwenye tope lote la barabara ile, kwa hiyo inastahili ufalme.

Batista ndiye mume wa Mama Feza, na sasa nimefika kwa mtu ninayetaka kuwaeleza.

Mama Feza aliuza maharagwe sokoni na kuongoza kwaya ya kanisa lao kule Mbunya. Alikuwa akija barazani kwangu kumsubiri mumewe, kwa sababu kamio ziliegeshwa karibu. Alikaa miezi miwili akiangalia wanaume wakicheza, hasemi kitu, mguu wake mmoja ukipiga chini taratibu kama mtu anayeongoza wimbo ambao hausikiki. Siku moja mwalimu wa hesabu, Malimu Aleksi, aliposhindwa na kuanza kupanga vipande upya, Mama Feza akasema, "Malimu, ile farasi ya pale ingekuokoa." Tukacheka. Kisha tukaangalia. Ingemwokoa kweli. Ndani ya mwaka mmoja hapakuwa na mwanaume barazani aliyeweza kumshinda, na baadhi yetu tukagundua ghafla kwamba tuna shughuli nyingi nyumbani.

Alikuwa na sikio, yule mama. Siku moja alisimama katikati ya kibanda ambamo saa ishirini zilikuwa zikilia pamoja, akaonyesha moja ukutani. "Papa Saa, ile iko nachechemea." Nikamwambia saa haina miguu. Akaenda zake. Nikaifungua kwa ubishi tu, nikakuta kweli mapigo yake hayalingani, pigo moja refu na moja fupi, tofauti ndogo ambayo mimi mwenye kazi sikuisikia. Sikumwambia, kwa kiburi. Nilikuja kumwambia baadaye, na nitawaeleza kwa nini.

Kwa eshek nilikuwa nimetengeneza saa ya pekee. Nilichukua saa mbili za mezani zenye kengele nikazitia kwenye sanduku moja la mbao, uso kwa kando ya uso, na juu yake kijiti cha kubembea. Ukicheza unabonyeza upande wako, waya mwembamba unagusa gurudumu la saa yako inasimama, na ya mwenzako inaanza kukimbia. Zote zilianza saa tano kamili na kengele imetegwa saa sita. Kengele yako ikilia umeshindwa, hata kama una vipande vyote vya dunia. Niliijivunia saa hiyo kuliko watoto wangu, Mungu anisamehe.

Basi akaja Kapiteni. Jina lake silitaji, ana watoto na watoto hawana kosa. Wanajeshi wake walikuwa wamekamata nyumba kubwa ya mtu kule Mbunya, na chumba cha nyuma wamekifanya kasho, yaani mahabusu. Alikuja kwangu kurefusha mkanda wa saa ambayo ilikuwa ya mwanamke, akaona ubao, uso wake ukabadilika, ukawa wa mwanafunzi. Alikuwa amejifunza eshek shuleni, na alicheza vizuri, hilo nalikubali. Lakini aliweka bastola yake mezani kando ya ubao, kama mtu anayeweka funguo, na kuanzia hapo hapakuwa tena na mtu wa kucheza naye sawasawa.

Hapo ndipo nilipoona mambo ambayo Muzee Ramazani hakuniambia. Hofu haiingii kwa watu wote kwa mlango mmoja. Malimu Aleksi, aliyekuwa akifikiri mpaka chai inapoa, mbele ya Kapiteni alicheza haraka haraka kama mtu anayetaka kwenda msalani. Mwingine, fundi viatu, aliganda. Aliona njia nzuri, nilimwona akiiona, lakini mkono ulibaki hewani mpaka kengele ikalia. Na mimi? Mimi nilicheza ili nipendwe. Nilimwachia Kapiteni malkia wangu, nikajiambia ni busara. Jioni ile nikapanga tena mchezo uleule peke yangu, nikashtuka. Sikuwa nimemwachia kwa hiari. Sikuiona kabisa ile hatari. Woga ulinipofusha kisha ukaniambia nimeamua mwenyewe. Hiyo ndiyo inayonishangaza mpaka leo, kwamba mtu anaweza kuendeshwa na woga kama kamio na bado akadhani yeye ndiye dereva.

Wiki ile ya mvua, Batista alikuwa anarudi kutoka Komanda. Walimsimamisha kwenye kizuizi, wakakuta magunia ambayo walisema ni ya watu wa upande mwingine. Magunia ya ndizi yana upande gani, sijui. Wakamtia kasho pamoja na wanaume wengine watatu. Siku ya pili wawili wakatolewa, tukaambiwa wamepelekwa kazini. Hawakurudi, na hakuna aliyeuliza kazi gani.

Asubuhi iliyofuata Mama Feza alikuja barazani, Kapiteni akiwa amekaa anamsubiri mtu wa kumshinda. Tulidhani atapiga magoti. Hakupiga. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Kapiteni, naomba mchezo moja."

Kapiteni akacheka. "Mama, weye unajua eshek?"

"Kidogo."

"Na ukishinda unataka nini?"

"Bwana yangu. Batista, ile shofa ya kamio. Iko mu kasho yako."

Mmoja wa askari akaangalia viatu vyake.

"Na ukipoteza?" Kapiteni akauliza.

"Nikipoteza, sitakuya tena kukusumbua."

Sote tulielewa maana yake. Nadhani Kapiteni alikuwa amechoka kuwashinda watu wanaotetemeka. "Kesho saa ine ya asubuyi," akasema. "Na saa ya Papa Saa, batu wasiseme nilikuonea. Muzee mwenyewe atakuwa refa."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo nililokuja kuwapa.

Alasiri ile nilibaki na sanduku langu mbele yangu. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja. Urefu wake ndio mwendo wa saa. Ukiifupisha, saa inakimbia. Nikawaza kwamba Kapiteni hukaa siku zote upande wa kulia, kwenye kiti chenye mgongo, na Mama Feza atakaa kushoto, kwenye kigoda. Nikafungua saa ya kulia, nikaivuta springi ndani ya kishikizo chake, nikaifupisha. Nikaipima kwa saa yangu ya mkononi. Katika saa moja ingemwibia mtu karibu dakika nane. Nikafunga. Nikajiona shujaa. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha na hasira, na nawaambia furaha na hasira zinapofusha kama woga, tofauti ni kwamba zinakufanya ujipongeze.

Sikukalia mikono, hata dakika moja. Sikujiuliza, je, wakibadilishana viti?

Asubuhi risasi zilisikika ng'ambo ya mji, si mbali. Kapiteni alikuja na askari watatu, kofia mkononi. Akaangalia kiti chake, akaona mgongo wake ungekuwa barabarani. Akakinyanyua kwa mkono mmoja akakihamishia kushoto, ukutani. "Leo nakaa hapa," akasema. Kigoda kikaja kulia. Mama Feza akakaa mbele ya ile saa niliyoikimbiza.

Nikanyoosha mkono kuligeuza sanduku. Ningesema nini? Kwamba mwanga unawachoma? Sikufika. Askari mmoja akanishika kifundo cha mkono.

"Muzee," Kapiteni akasema taratibu, "mukono. Refa hagusi kitu."

Nikakaa juu ya mikono yangu. Sasa nilikumbuka.

Kapiteni alipata vipande vyeupe, Mama Feza vyeusi, na mfalme wake alikuwa buji ya Batista. Naye alikuwa amekalia mikono yake, kama nilivyowafundisha wote wa barazani. Askari mmoja alicheka kumwona mama mzima amekaa kama kuku juu ya mayai. Yeye hakumtazama. Alikuwa anautoa mkono mmoja, anasogeza, anabonyeza, anaurudisha.

Niliisikia saa ile tangu pigo la kwanza. Upande wa Kapiteni ukilia, ulilia kwa utulivu. Upande wa Mama Feza ukilia, ulikuwa kama mtu anayekatakata majani ya sombe kwa haraka wageni wakiwa mlangoni. Nilishangaa jinsi ambavyo wengine hawasikii. Kwenye mwendo wa tatu, mguu wa Mama Feza, ule uliokuwa ukipiga chini, ukasimama. Akainua kichwa kidogo upande wa sanduku, kama mtu aliyesikia anaitwa. Kisha akanitazama. Mara moja tu. Nikadhani ananiomba moyo. Nikashusha macho, maana moyo sikuwa nao. Nilipoangalia tena, mguu ulikuwa umeanza upya kupiga chini, safari hii haraka zaidi.

Mchezo ulikwenda vibaya. Kapiteni alimla farasi mmoja, yule wa kizibo chekundu, na ilikuwa halali. Risasi zikasogea. Askari akaja kumnong'oneza Kapiteni sikioni, akamfukuza kwa mkono. Kwenye uso wa saa, Mama Feza alibaki na dakika kumi na Kapiteni zaidi ya thelathini. Mimi nilikuwa nahesabu zile nane zangu, nilizomwibia mke wa Batista, nikawa natokwa na jasho mpaka kigoda kikalowa. Nikifungua mdomo, wangeifungua saa. Nisipofungua, nimemuua rafiki yangu kwa kibano. Nimewahi kusikia watu wakisema walikabwa na uamuzi. Mimi sikuamua kitu. Nilikaa tu.

Halafu nikaona jambo. Kapiteni alianza kuangalia saa. Mwanzoni mara moja moja, kisha kila baada ya mwendo, kisha akawa anaangalia saa kuliko ubao. Si saa yake, saa ya Mama Feza. Akaanza kucheza papo hapo, bila kufikiri, ili mama asipate muda wa kuwaza kwa saa ya mwenzake. Alikuwa na dakika thelathini za bure na hakutumia hata moja. Aliacha kucheza na Mama Feza, akawa anacheza na kengele.

Na Mama Feza, aliyebaki na dakika nne, akakaa. Dakika moja ikapita. Ya pili. Mikono chini, mguu unapiga, pumzi yake inaingia na kutoka kwa pua kama yuko kwenye mazoezi ya kwaya na sauti ya pili haijaingia. Dakika ya tatu. Malimu Aleksi nyuma yangu alikuwa anasali kwa Kifaransa. Sijawahi kuona kitu kama kile, si kabla, si baada, na nimeona vita. Mwanamke ambaye mume wake yuko kwenye chumba cha nyuma mtaa wa pili, saa inamkatia sombe sikioni, na anakaa juu ya mikono yake kwa dakika tatu kati ya nne alizonazo.

Akatoa mkono. Akasogeza askari mmoja hatua moja. Kizibo cheupe, mwendo wa mtu aliyekata tamaa. Akabonyeza.

Kapiteni hata hakukaa vizuri. Akamnyanyua malkia wake, akamwangusha yule askari, na mkono ukiwa bado hewani macho yakafika. Malkia ndiye aliyekuwa analinda mlango wa mfalme wake. Taratibu akaanza kumrudisha malkia alikotoka.

Barazani kwangu sheria ilikuwa moja tangu siku za Muzee Ramazani, na Kapiteni mwenyewe alikuwa akiwatolea wengine sheria hiyo kwa kicheko: ukigusa, umecheza. Kila mtu alinigeukia mimi. Refa.

Mimi, mwizi wa dakika nane, nikafungua mdomo. "Kapiteni," nikasema, "umegusa malkia. Na askari umeangusha."

Akaniangalia. Akaiangalia bastola yake mezani, au labda nilidhani tu. Kisha akaangalia askari wake watatu, ambao nao walikuwa wamecheza barazani pale na walijua sheria. Akamweka malkia mahali alipomwangusha askari, akabonyeza.

Mama Feza akashusha ngome mpaka mstari wa mwisho. Mfalme mweupe hakuwa na pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Akarudisha mkono wake chini, akasahau kubonyeza, au hakuona haja. Tukabaki tunaangalia ubao, mpaka kengele ya Mama Feza ikalia, ile kengele mbaya ya chuma, na askari mmoja akakoki bunduki. Kapiteni akainyamazisha kwa kiganja.

"Mama," akasema. "Ulikuwa umebakiza kadogo sana."

"Ndiyo, Kapiteni."

Akawatuma askari. Sijui kwa nini alitimiza neno lake. Wengine waliomwangukia miguuni hawakupata kitu. Labda ni aibu mbele ya vijana wake, maana aibu nayo ina nguvu. Labda yule mwanafunzi alikuwa bado mule ndani. Batista alikuja akitembea na kiatu kimoja, uso umevimba, na alipofika barazani kitu cha kwanza alichokiona ni buji yake imesimama katikati ya ubao. Akalia kama mtoto. Sisi sote tulilia, na Kapiteni akavaa kofia yake akaenda zake, akaacha ile saa ya mwanamke kwenye kaunta. Sikumwona tena.

Sikulala siku mbili. Siku ya tatu Mama Feza akaja peke yake na kikapu cha maharagwe. Akakiweka chini, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku.

"Papa Saa, ile ya kuume, irudishe vile ilikuwa."

Ndipo nilipomwambia kwamba ile saa ya ukutani kweli ilikuwa ikichechemea, kama vile habari hiyo ilikuwa na faida yoyote. Kisha nikamweleza yote, viti, springi, dakika nane. Nilimwambia nilitaka kumsaidia na nusura nimfanye mjane.

"Nilijua," akasema.

"Toka lini?"

"Toka mwendo ya tatu. Nilisikia. Nikakuangalia, nikaona uso yako, nikajua ni weye, na nikajua ilikuwa ya kumutega Kapiteni." Akatabasamu kidogo. "Nikasema, sawa, kama inakimbia, atapenda kuiangalia. Mutu anayeangalia saa ya mwenzake haangalie malkia yake."

"Lakini kwa nini haukusema? Ungesema saa ni mbovu, mngeanza upya. Ilikuwa ni haki yako."

Mama Feza aliniangalia kama anaangalia mtoto wa kwaya aliyeingia kabla ya wakati.

"Ningesema, wangeifungua," akasema. "Wangekuta mukono yako mule ndani. Mi nilikuya kutafuta mutu moja, Papa Saa. Sikukuya kuacha mwingine."

Ndipo nikaelewa kwamba zile dakika tatu alizokaa, alikuwa amekalia mikono ya watu watatu. Yake, ya Batista, na hii yangu mnayoiona.

Hakusubiri nimshukuru. Akavuta kigoda, akapanga vipande, buji upande wake, vyeupe upande wangu. Nikanyoosha mkono kwa askari wa kwanza, nikaurudisha. Nikaikalia mikono yangu. Yeye akasubiri, mguu unapiga chini polepole, na sanduku la saa hakuligusa.